Viti vya Wenye Masikio

"Nani anatafsiri leo?" Carmine Fusco aliuliza kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa kwenye usukani. "Naomba awe Beverly. Yule kijana wa mwaka jana anaongea kama mtu anayekanda unga."

Renata, binti yake, aliyekuwa amekaa kando yake, alijifanya anatazama theluji iliyorundikwa pembeni mwa barabara. Kwa kiziwi, asiyekutazama ndiye asiyekusikia. Renata alilijua hilo kabla hajaanza shule, na siku nyingi zilikuwa zimepita tangu alipolitumia kwa baba yake. Carmine akampiga kofi dogo begani.

"Nimekuuliza. Nani?"

"Sijui, Baba," Renata akajibu, vidole vyake vikiwa chini, karibu na magoti, kama mtu anayenong'ona.

Alikuwa anajua. Hakukuwa na mkalimani yeyote. Katika ukumbi wa Tremaine, maonyesho yenye mkalimani wa lugha ya alama huwa Jumapili ya mwisho ya kila mchezo, na leo ilikuwa Jumamosi.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza kwa wema. Bi Prentiss, mama yake Garrett, mchumba wa Renata, alikuwa amepiga simu wiki kadhaa nyuma, sauti yake ikiruka kwa furaha. Amenunua tiketi tatu. Garrett atakuwa safarini kikazi, lakini haidhuru, yeye anataka kumjua baba mtu kabla ya harusi. "Mstari wa saba, katikati kabisa!" alisema. "Baba yako ataona kila kitu, mpenzi."

Sentensi moja ingetosha. Asante sana, ila baba yangu anahitaji onyesho la Jumapili, na viti vya upande wa kushoto, karibu na mkalimani. Renata aliipanga vizuri kichwani, ikafika hadi kwenye meno, ikakaa hapo. Jina la akina Prentiss lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha shaba pale mlangoni mwa Tremaine, miongoni mwa watu waliochangia ukarabati wa dari. Ungeanzaje kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba viti vyake vizuri havifai? Akasema, "Atafurahi sana." Alipoweka simu chini, alijua amefanya jambo baya, ila lilikuwa bado dogo, la kuweza kurekebishwa kesho. Kesho yake akaliacha. Siku alipopata moyo wa kuupigia ukumbi kuulizia Jumapili, upande wa kushoto ulikuwa umekwisha wote.

Hapo ndipo alipoanza kujiambia kwamba baba atafurahia ngoma. Atafurahia mavazi. Dari peke yake inatosha kutazamwa kwa saa mbili.

Lakini Jumapili ya Tremaine haikuwa ngoma wala mavazi. Ilikuwa watu. Kila mwaka Carmine na mkewe Lucille, kiziwi kama yeye, walikuwa wakienda siku hiyo, na viziwi wa mji wa Rochester wakajaa upande wa kushoto, wale aliosoma nao bweni moja, wale aliofanya nao kazi kiwandani, wajane, wapenzi waliogombana. Mchezo ukiisha, wanabaki sebuleni mwa ukumbi wakipiga soga mpaka wafagiaji wanaanza kuwasogezea mifagio miguuni. Lucille alikuwa amefariki majira ya kupukutika majani. Tangu hapo Carmine alikuwa ameacha kwenda kwenye klabu ya viziwi, ameacha samaki wa Ijumaa wanaoliwa huko, amekaa na televisheni. Renata alipomwonyesha tiketi kwenye simu, hakutazama tarehe. Aliinuka akaenda kuipeleka suti kwa dobi mwenyewe.

"Otis atakuwepo?" aliuliza siku ile, akimtaja rafiki yake wa miaka mingi.

"Nadhani," Renata alisema.

* * *

Sebule ya Tremaine ilikuwa imejaa watu, na mikono yao yote ilikuwa imenyamaza. Mikono ilikuwa mifukoni, ilikuwa kwenye vikombe vya plastiki vya mvinyo, ilikuwa imeshika makoti. Carmine alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo iliyo karibu na mlango wa kushoto, akasimama hapo akiiweka sawa tai yake, na akaanza kutazama juu ya vichwa vya watu.

"Watu wako wapi?"

"Labda wamechelewa."

"Viziwi wachelewe?" Alimtolea macho. "Kuondoka, sawa, hatujawahi kuondoka kwa wakati. Lakini kufika hapa? Otis huwa anafika kabla mwenye funguo hajaamka."

Renata alipata kitu cha kutazama kwenye kiatu chake. Akaokolewa, kama kuokolewa ndiko kule, na sauti ya Bi Prentiss iliyotokea katikati ya umati: mwanamke mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, koti la sufu la kijani. Alimkumbatia Renata. Kisha akamgeukia Carmine, akavuta pumzi kama mtoto anayetaka kusoma shairi mbele ya darasa, akainua mikono. Alikuwa amejifunza. Unaweza kuona alivyokuwa amekaa mbele ya kompyuta akirudia rudia. Ila kiganja chake kilipopita juu ya kiganja kingine kilipita mara mbili badala ya mara moja, "vizuri" ikawa "safi", na salamu yake ikatoka: Mimi ni msafi kukutana na wewe.

Carmine alimtazama kwa adabu.

"Mwambie hata mimi nimeoga," akasema.

Kama mama yake angekuwa hai, na kama wangekuwa mahali pengine, Renata angeanguka kwa kicheko. Badala yake alijikaza. "Anasema naye amefurahi sana kukutana nawe," akamwambia Bi Prentiss.

Carmine alikuwa akitazama mdomo wa Renata. Hakupenda neno lile, "anasema". Yeye na Lucille walikuwa wamemfundisha Renata mapema, alipokuwa akiwatafsiria benki na kwa daktari: ukitafsiri, wewe haupo. Usiseme "baba anasema", sema "mimi". Mdomo ni wako, maneno ni yangu. Wakalimani wote wanafanya hivyo. Renata aliyafahamu maneno ya baba yake kuliko alivyoyafahamu yake mwenyewe, na kwa miezi kadhaa sasa, kila akiwa na akina Prentiss, alikuwa amejikuta anasimama pembeni kidogo ya maneno yale, kama mtu anayepita karibu na nyumba ya jamaa yake bila kubisha.

"Nimesubiri siku hii kwa hamu," Bi Prentiss alisema wakati wakienda kwenye viti. Alimshika Carmine mkono ili asijikwae kwenye ngazi zenye zulia. Alikuwa mtu mwema. Renata angependa angekuwa mbaya kidogo.

Mstari wa saba, katikati. Viti vya mahameli nyekundu, malaika wa plasta darini, mapazia mazito yenye vishada vya dhahabu. Carmine alikaa, akageuza shingo upande wa kushoto wa jukwaa, mahali ambapo Jumapili huwekwa kiti kirefu na taa ndogo kwa ajili ya mkalimani. Hapakuwa na kiti. Hapakuwa na taa. Palikuwa na sakafu tu.

Alipatazama kwa muda. Kisha akafungua kijitabu cha onyesho, akakisoma, akakifunga, akakiweka juu ya goti lake. Renata alijiandaa kwa swali, akaandaa hata jibu lake, na swali halikuja. Taa za ukumbi zikapungua.

Mchezo ulihusu mjane aliyerithi mashua ya mizigo kwenye mfereji, enzi zile mashua zilipokuwa zinavutwa na nyumbu, na wanaume wawili waliotaka kumwoa, mmoja kwa ajili yake na mwingine kwa ajili ya mashua. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Renata alisogea kwa baba yake, akainua mikono kidogo juu ya mapaja yake, mahali ambapo mwanga wa jukwaani ulifika. Mjane anasema hauzi. Huyu mwenye kofia ni mfanyabiashara wa nyumbu. Anamdanganya kuhusu bei. Carmine aliinamisha kichwa. Mikono ya Renata ilipata moto, maneno yakaanza kutiririka, na kwa dakika chache alifikiri kwamba pengine mambo yatakwenda.

"Samahani," mwanamke wa nyuma alinong'ona karibu na sikio lake. "Mikono yako. Inatuvuruga."

Angeweza kugeuka. Angeweza kusema maneno matatu tu, baba yangu kiziwi, na mwanamke yule angeona aibu yeye. Bi Prentiss alikuwa amegeuza uso kidogo kutazama kuna nini. Renata akaishusha mikono yake, akaifungia mapajani.

Carmine aliiona ikishuka. Aliitazama pale ilipolala, kisha akamtazama usoni, kisha akarudisha macho jukwaani.

Kuanzia hapo Renata hakuuona mchezo. Alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Ukumbi ulipocheka, Carmine alicheka, akiwa amechelewa kidogo, baada ya kugeuka kushoto na kulia kuona midomo ya watu imefunguka kiasi gani. Renata alikuwa hajawahi kumwona akicheka hivyo. Kwenye klabu yao yeye ndiye aliyekuwa akichekesha; watu walikuwa wakimwomba anyamaze ili wapate kula. Sasa alikuwa akitazama mabega ya wageni apate ruhusa.

* * *

Wakati wa mapumziko walisimama chini ya taa kubwa ya sebuleni, Bi Prentiss akiwa amenunua karanga na vinywaji kwa wote.

"Haya, Bwana Fusco," akasema akimwelekea Carmine, akitamka taratibu kwa mdomo mpana. "Unaonaje?"

Carmine alimpa Renata kikombe chake ashike, kisha akakumbuka kwamba naye atahitaji mikono yake, akakichukua tena, akakiweka juu ya ukingo wa dirisha.

"Mwambie viti vyake ni vizuri sana kwa wenye masikio," akasema. "Mimi nimeona mwanamke mmoja na nyumbu mmoja, na nyumbu ndiye niliyemwelewa."

"Anasema viti ni vizuri sana," Renata alisema. "Na amempenda yule nyumbu."

"Oo, si ni mzuri yule!" Bi Prentiss akapiga makofi. "Kuna watu wawili mle ndani, unajua. Mwambie kuna watu wawili ndani!"

Carmine alikuwa akimtazama Bi Prentiss akicheka. Alikitazama kile kicheko kwa makini, kama mtu anayechungulia ndani ya bahasha. Kisha akamgeukia binti yake.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema."

"Hapana. Changu kina makali. Mtu aliyekisikia angecheka na kuona haya kwa pamoja. Huyu kafurahi kama amepewa keki." Akasubiri. "Leo hakuna mkalimani."

"Hakuna."

"Ni kesho."

"Ndiyo."

"Ulijua."

Renata alitikisa kichwa kukubali.

"Toka lini?"

"Toka aliponunua."

"Na garini nilipokuuliza ni nani?"

Bi Prentiss alikuwa akiwaangalia kwa zamu, tabasamu lake likianza kupoteza njia. "Kuna tatizo, mpenzi? Ni baridi? Tunaweza kuomba watupe viti vya mbali na mlango."

Carmine alinyoosha kidole kwa Renata, kisha kwa Bi Prentiss. "Mwambie. Yangu, si yako. Na useme 'mimi'."

"Baba, tafadhali. Nitamweleza mwenyewe baadaye."

"Sema 'mimi'."

Akaanza kuongea polepole, mikono ikiwa wazi na mikubwa, kama anavyoongea na watoto wadogo na polisi. Watu waliokuwa karibu waligeuka. Renata alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba, ikifuata mikono ile hatua kwa hatua.

"Bi Prentiss, mimi ni kiziwi. Nakushukuru kwa zawadi yako. Lakini mle ndani sikuelewa kitu. Nilicheka kwa sababu wengine walicheka. Onyesho letu sisi ni kesho, lina mkalimani, na rafiki zangu wote watakuwepo. Nilikuja leo nikidhani wako hapa. Mke wangu alikuwa akikaa nami upande ule." Mkono wa Carmine ulielekea mlango wa kushoto. "Wewe hukukosea, hakuna aliyekuambia. Binti yangu alijua."

Carmine akasema sentensi moja zaidi, mikono ikatulia. Hakuyaondoa macho yake kwenye midomo ya Renata. Hakuirudia sentensi wala hakuibadilisha. Watu wawili waliokuwa wamesimama na mvinyo wao walijifanya wanatazama picha za waigizaji ukutani.

"Binti yangu," Renata akasema hatimaye, "alikuogopa wewe kuliko alivyonihurumia mimi."

Lilikuwa neno la baba yake na lilikuwa limepita kwenye koo lake, na halikuacha nafasi ya kusema mimi siyo, mimi natafsiri tu. Uso wa Bi Prentiss ulikuwa mwekundu mpaka kwenye nywele.

"Lakini ungeniambia tu," alisema. "Ni simu moja, Renata. Ningebadilisha kwa simu moja. Unaniona mimi ni mtu gani?"

Carmine aligusa mkono wa binti yake. Alitaka tafsiri, ni haki yake. Ikabidi Renata aumbe kwa vidole vyake mwenyewe, bila kuruka, kila neno aliloambiwa: ungeniambia tu, ni simu moja, unaniona mimi ni mtu gani.

"Swali zuri," Carmine akasema.

Taa za sebuleni zikazimika na kuwaka, zikazimika na kuwaka, kuwaita watu warudi ndani. Ndivyo wanavyoitana viziwi nyumbani kwao, na kila mwaka Carmine alikuwa akimtania mkewe hapo kwamba wanaosikia nao wamekuwa viziwi hatimaye. Leo alitazama taa zile mpaka zikatulia. Akachukua koti lake.

"Nakwenda nyumbani. Wewe baki na mwenyeji wako, kashalipa. Mwambie usiku mwema."

"Ni mchana, Baba."

"Basi mwambie mchana mwema. Mambo ya adabu unayajua wewe."

Bi Prentiss alimwambia Renata amfuate, akamwambia mara mbili. Renata alipofika nje, gari lilikuwa linapinda kona tayari. Akarudi. Kipindi cha pili alikisikia chote, kila wimbo, kila mzaha, kando ya kiti kitupu, na mpaka leo hajui mjane yule aliolewa na nani.

* * *

Jumapili asubuhi Renata alisimama kwenye dirisha la tiketi la Tremaine kabla halijafunguliwa. Bi Prentiss alikuwa amepiga simu kwa watu wake usiku, bila mafanikio, na alikuwa amemtumia Renata ujumbe mfupi kumweleza hivyo, ujumbe usio na neno "mpenzi". Kilichobaki ni kusubiri tiketi za watu watakaoghairi. Theluji ilikuwa ikianguka nyembamba nyembamba. Karibu na adhuhuri mtu mmoja aliyepatwa na mafua alirudisha kiti chake, upande wa kushoto, nyuma kabisa chini ya roshani. Kimoja tu.

"Nina kiti kimoja," akamwandikia baba yake. "Upande wenu. Nitakupeleka."

"Saa ngapi," akajibu. Hakuweka hata alama ya kuuliza.

Njiani Renata aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Baba yake, ambaye alikuwa amemfundisha kuendesha kwa mkono mmoja ili mwingine uongee, aliiangalia ile mikono miwili. Alikuwa amevaa suti ileile. Mbele ya ukumbi alishuka, akavuka, na kabla hajafika mlangoni jitu moja lenye koti la kahawia lilimnyanyua kutoka chini. Alikuwa Otis Barlow. Renata aliegesha gari upande wa pili wa barabara na kukaa humo.

Alikaa mchezo wote. Angeweza kwenda kunywa kahawa. Hakuona kama anastahili kahawa.

Wanaosikia walitoka kwanza, haraka haraka, wakifunga skafu. Viziwi walibaki. Kupitia milango ya vioo aliwaona wamejaa sebuleni, mikono ikipaa juu ya vichwa, mpaka mlinzi akaja na kuwasukuma nje kwa upole, nao wakaenda kuendelea palepale kwenye lami chini ya kibao chenye taa na jina la mchezo, bila glovu, kwenye baridi ile. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Renata alisubiri wamalize, ingawa alijua hawatamaliza. Mwishowe alishuka, akavuka barabara kwenda kumchukua.

Baba yake alikuwa amempa mgongo. Mduara ulikuwa wa watu saba au wanane, na wote walikuwa wakitazama mikono ya Carmine, kwa hiyo hakuna aliyemwona Renata akisimama nyuma. Ila milango ya ukumbi ilikuwa mbele yao, na ndani ya kioo aliiona mikono ya baba yake, imegeuzwa, ya kulia ikiwa ya kushoto. Ilimchukua muda mfupi kuizoea.

"Kule nyuma ulikuwa unatafuta nini?" Otis alikuwa akiuliza. "Tumekuwekea nafasi miaka yote. Mwaka huu tumekaa na mwanamke wa kutoka Buffalo anayekula chipsi."

"Kosa langu," Carmine alisema. "Nilisoma tarehe vibaya. Nimekuja jana."

"Jana!"

"Jana. Mimi peke yangu katikati ya masikio." Akaanza kuwaigiza: mtu mwenye tai, amekaa wima, anatazama kushoto, anatazama kulia, anacheka, kumbe wenzake wamemaliza. Akaigiza nyumbu. Mtu mmoja alilazimika kushika nguzo. Ilikuwa nzuri sana, na Renata, aliyekuwa amekaa kando yake jana, alijua kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa mwanzo wake.

Bibi mmoja mfupi, Wanda, aliyewahi kuwa jirani yao, aliuliza, "Na Renata? Yeye si anajua siku yetu? Hakukuambia?"

"Yule ajue wapi?" Carmine akasema. "Mtoto ana kazi, ana harusi. Mimi ndiye mzee niliyevaa miwani ya marehemu. Msimwingize yeye."

Angeweza kurudi garini. Baba yake asingejua. Wangekwenda nyumbani, na mambo yangekuwa yamesemwa hivyo mbele ya watu, na baada ya muda hata wao wawili wangeanza kuyakumbuka hivyo. Alisimama na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa mtu yeyote ajue.

Akamgusa baba yake begani, akaingia kwenye mduara.

"Baba anawadanganya," akasema.

Mikono yote ilisimama. Otis alimtazama Carmine, akamtazama Renata, akasugua viganja vyake.

"Aa! Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Sogeeni, sogeeni, mpeni nafasi tuone."

"Renata, twende nyumbani," Carmine akasema. "Watu wana baridi."

"Nani ana baridi?" Otis akauliza. "Nani hapa ana baridi? Hakuna. Endelea, binti."

Akaendelea. Aliwaambia kuhusu simu na sentensi aliyoshindwa kuisema. Aliwaambia kuhusu garini, na swali la nani anatafsiri. Alipofika kwenye mwanamke wa nyuma na jinsi alivyoishusha mikono yake, ilibidi aonyeshe, kwa sababu ndivyo lugha ile ilivyo, huwezi kusema umeishusha bila kuishusha. Hakuna aliyecheka. Akawaambia pia jinsi alivyotafsiri uongo, maneno gani yaliingia na gani yakatoka.

Wanda alikuwa wa kwanza. "Vibaya," akasema, na uso wake ukalisema vilevile. "Vibaya sana."

"Najua."

"Huko garini ndiko kubaya zaidi," Otis akasema. Hakuwa anatania tena. "Wanaosikia wakitudanganya, tumezoea. Wewe ni mdomo wetu."

"Najua."

"Mama yako angekutia kofi."

"Angemtia mawili," Wanda akasema.

Walisema wote, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyosema viziwi, wazi na bila sukari. Hakuna aliyemwambia basi, yameisha, usijali. Renata aliyatazama yote mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa nyekundu na ilikuwa imeanza kufa ganzi, na bado kulikuwa na jambo hajalisema, lile la kumwogopa Bi Prentiss kuliko alivyomhurumia baba yake, ambalo jana lilikuwa maneno ya baba na leo lilipaswa kuwa yake. Aliinua mikono. Pale aliposimama kivuli cha baba yake kilimwangukia kifuani, na watu wa upande wa pili walikuwa wakinyoosha shingo.

Carmine aliona wanavyohangaika. Hakumtazama binti yake usoni. Alipiga hatua moja pembeni, taa za kibao zikamulika vidole vya Renata, na kila mtu akaweza kuona.